Somo la Biolojia: Sambaza wanazaa wapi?

Sambaza tunaowala na bugali si wenyeji wa Ziwa Kivu. Ni wageni. Kati ya mwaka 1958 na 1960, Bwana Collart, Mbelgiji, alileta samaki wachanga kutoka Ziwa Tanganyika. Walikuwa wa aina mbili: Limnothrissa na Stolothrissa. Wa kwanza walizaa wakajaza ziwa. Wenzao walipotea kabisa.

Ugeni ule haukuwa rahisi. Tanganyika iko kwenye mita 770 hivi, Kivu kwenye mita 1460, kwa hiyo maji yetu ni baridi zaidi. Tena, chini ya mita 70 hivi hakuna oksijeni. Mtoto wa samaki akifika kule, amekufa.

Limnothrissa, ndiye sambaza wetu, hutaga mayai karibu na ukingo, penye maji mafupi. Watoto wanakulia palepale. Wakikomaa wanakwenda katikati kula vijidudu vya maji, chakula ambacho zamani hakikuwa na samaki wa kukila kule. Stolothrissa, yeye, ni samaki wa katikati ya ziwa.

Basi ukingo ndio kitalu cha ziwa. Sisi wa Lwiro tukishuka ziwani tunaona watu wanakokota vyandarua vya mbu palepale. Sahani moja ya leo ni mbegu ya mavuno ya kesho. Tuwaambie nyumbani, kwa heshima.

Swali: Kwa nini taa za wavuvi ziwake mbali na ukingo?