NYIMBO ZA LUGHA ZA KIKELTI: JADI NA ZA KISASA

Ukitajiwa Uingereza na Ufaransa, bila shaka lugha zinazokujia akilini ni mbili tu, Kiingereza na Kifaransa. Sikulaumu. Lakini kule magharibi, ambako nchi kavu inakwisha na bahari ya Atlantiki inaanza, kuna watu wenye lugha zao kabisa, za jamii iitwayo Kikelti. Zilizodumu bila kukatika ni nne: Kiayalandi, Kigaeli cha Uskoti, Kiwelisi, na Kibretoni kinachosemwa Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Mbili nyingine, Kikornishi cha Cornwall na Kimanx cha kisiwa cha Man, zilikosa wasemaji kisha zikafufuliwa. Usidhani ni lahaja za Kiingereza. Mwingereza akisikiliza Kiwelisi haambulii kitu, kama vile Mkikuyu akimsikiliza Mluo.

Lugha hizi zilifukuzwa shuleni, zikapata makao katika nyimbo. Katika karne ya 19, kwenye baadhi ya shule za Welisi, mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alivishwa kibao shingoni. Kilipita kutoka kwa mtoto hadi mtoto, na aliyekutwa nacho jioni aliadhibiwa. Bretagne walikuwa na chao, na Ayalandi walikata alama kwenye kijiti, kila alama ikiwa na kiboko chake. Wenzangu mliosoma shule za msingi zenye "diski", sina haja ya kuwaeleza zaidi! Tumezoea kuambiwa mwacha mila ni mtumwa, lakini hawa hawakuacha, waliachishwa.

Hebu nianze na nyimbo ninazozipenda kuliko zote, za visiwa vya magharibi mwa Uskoti. Huko wanawake walitengeneza kitambaa kizito cha sufu. Kikitoka mtamboni kilikuwa kilegevu, kwa hivyo ilibidi kiloweshwe na kupigwa mezani kwa muda mrefu hadi nyuzi zishikane na kizuie upepo. (Kililoweshwa katika mkojo uliokaa siku nyingi. Msinicheke mimi, ndivyo walivyofanya.) Wanawake waliketi wakaizunguka meza, wakakipiga na kukisukuma kwa jirani kwa mapigo yaliyo sawa. Mmoja aliongoza, wengine wakaitikia. Mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi atasema mara moja: hiyo ni hodiya! Na kweli ni hodiya. Kiitikio aghalabu ni silabi zisizo na maana, za kushika mapigo tu. Hadithi iko kwa kiongozi: mchumba aliyezama baharini, mpenzi msaliti, ukoo wenye fahari. Kazi ikikaribia kwisha waliimba za mzaha, wakiwataja wasichana pamoja na wavulana wao. Tena ilisemekana ni mkosi kurudia wimbo mmoja juu ya kitambaa kile kile. Basi fikiria mama mmoja alihitaji nyimbo ngapi kichwani!

Mashine zikaja, meza zikaachwa. Nyimbo hizo zingepotea kama si watu kama John Lorne Campbell na mkewe Margaret Fay Shaw, walioanza miaka ya 1930 kuzinakili na kuzirekodi kutoka kwa wanavijiji. Halafu mwaka wa 1992 bendi ya Capercaillie ikachukua mmoja wa nyimbo hizo, "Coisich a Rùin", unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 400 hivi, ikaupiga kwa vyombo vya kisasa. Ukaingia katika nyimbo 40 zilizouzwa zaidi Uingereza, wa kwanza wa Kigaeli cha Uskoti kufika huko. Miaka kumi kabla yake, mwaka wa 1982, Clannad, ndugu wa familia moja na wajomba zao mapacha kutoka Donegal, walikuwa wameimba kwa Kiayalandi wimbo wa mchezo wa televisheni, ukapanda hadi nambari 5.

Hapa huwa tunabishana chamani. Kuna wanaosema gita na vinanda vya umeme vinaharibu wimbo wa jadi. Mimi siafiki. Kitambaa hakipo tena, meza haipo, lazima kitu kingine kishike mapigo, na ngoma ya bendi inashika. Niliusikiliza wimbo huo kwenye simu ya kakangu mara nyingi hadi bando ikaisha, na mguu wangu ulipiga sakafu wenyewe ingawa sielewi hata neno moja.

Hata hivyo si kila wimbo unakubali gita. Ayalandi kuna uimbaji uitwao sean-nós, yaani "mtindo wa zamani". Mtu mmoja huimba bila chombo chochote, anavuta sauti, anaipamba, anapumzika anapotaka. Hapo gita lingekuwa kama mtu anayekukatiza ukisema. Bingwa wake mmoja alikuwa Joe Heaney wa Connemara. Alihamia Marekani, akafanya kazi ya bawabu mlangoni mwa jumba la makazi New York. Hebu fikiria hazina yote ile imesimama mlangoni inafungulia watu! Baadaye alifundisha nyimbo katika chuo kikuu huko Seattle, na mwaka wa 1982, miaka miwili kabla ya kufa kwake, serikali ya Marekani ikamtunukia.

Kwa malenga wa chama chetu nawaletea cerdd dant ya Welisi. Kinubi huanza peke yake na wimbo unaojulikana. Mwimbaji hungoja, kisha huingia katikati na shairi, akiliimba kwa sauti tofauti na ile ya kinubi. Wawili hao huenda njia mbili, lakini sharti wamalize pamoja kwenye noti moja. Mashairi yenyewe mara nyingi yana sheria kali kuliko zetu. Sisi tunahesabu mizani na kutafuta vina vya kati na vya mwisho. Wao, katika bahari zao za jadi, hupanga hata konsonanti za nusu ya kwanza ya mshororo zijirudie katika nusu ya pili. Mimi mizani 16 tu hunitoa jasho.

Bretagne nitapita haraka. Huko waimbaji wawili hupokezana, wa pili akidaka maneno ya mwisho ya mwenziwe kabla hayajaanguka, watu wakicheza usiku kucha. UNESCO ilizitambua ngoma hizo za usiku mwaka wa 2012.

Lakini wimbo haukai makumbusho. Mwelisi Dafydd Iwan aliimba za kupigania lugha yake, na mwaka wa 1970 alifungwa jela kwa kukataa kulipa faini baada ya kampeni ya kupaka rangi vibao vya barabarani vilivyokuwa vya Kiingereza tu. Mwaka wa 1983 akatunga "Yma o Hyd", maana yake "bado tupo hapa". Mwaka wa 2022, akiwa mzee wa miaka 78, aliuimba uwanjani Cardiff kabla ya Welisi kuifunga Ukraine na kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1958. Uwanja mzima uliimba naye, hata Waelisi wengi wasiojua lugha hiyo vizuri.

Nasi je? Kwenye tamasha la muziki shule zetu huimba nyimbo za makabila mengine, tumezikariri kama kasuku. Tunashinda vikombe, lakini ukituuliza ubeti wa pili unasema nini, kimya! Mimi ninaomba kwaya yetu ianze na maana, halafu sauti.

Kwani wimbo peke yake hautoshi. Kisiwa cha Man nyimbo zao zilikusanywa tangu mwisho wa karne ya 19, zikachapishwa vizuri, lakini Ned Maddrell, msemaji wa mwisho aliyelelewa katika Kimanx, alifariki mwaka wa 1974. Nyimbo zilibaki, wenyewe hawapo. Kilichogeuza mambo ni shule ya msingi iliyofunguliwa mwaka wa 2001, inayofundisha kwa Kimanx. Mwaka wa 2009 UNESCO ilipoiandika lugha hiyo kuwa imetoweka, watoto wa shule hiyo waliandika barua kuuliza: kama imetoweka, hii tunayoandikia ni lugha gani? UNESCO ikafuta neno hilo, ikaandika kwamba iko hatarini sana.