Nani Ndiye Nathani wa Nyumba Yako?

Somo: 2 Samweli 11:1 – 12:15



Tuchukue mfano ambao wengi wetu huku Kwale tutautambua. Baba anafanya kazi hotelini Diani. Mama na watoto wako Msambweni. Zamani baba alirudi nyumbani kila siku ya mapumziko. Sasa ni mwezi wa tatu haonekani, na pesa za karo hazifiki. Akiulizwa, anasema watalii wamepungua. Mama anajua kuna mwanamke mwingine, maana Ukunda si mbali na maneno yana miguu. Lakini ananyamaza. "Nikisema," anawaza, "nyumba itavunjika."

Je, ni kweli? Tumtazame Mfalme Daudi.

Kondoo mmoja wa maskini

Daudi alikuwa na wake kadhaa, hata hivyo alimchukua Bathsheba, mke wa askari wake Uria. Bathsheba aliposhika mimba, mfalme aliagiza Uria awekwe mahali pa hatari vitani ili afe. Kisha akamwoa mjane wake. Jemadari Yoabu alijua, akanyamaza. Ukimya huo haukumsaidia mfalme. Kidonda kilifunikwa tu, kikaendelea kuoza.

Ndipo Mungu akamtuma nabii Nathani. Hakuanza kwa matusi. Alisimulia habari za tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini kondoo wake wa pekee ili amchinjie mgeni. Daudi, aliyekuwa mchungaji ujanani mwake, aliwaka hasira na kusema mtu huyo anastahili kufa. Nathani akamjibu waziwazi kwamba mtu huyo ni yeye mfalme.

Lau Nathani angekuwa mtu wa Msambweni, huenda angesimulia habari za mwenye minazi mia moja anayekwenda usiku kuangua mnazi mmoja wa jirani.

Tujifunze nini?

Kwanza, Nathani alimwendea mwenye kosa. Hakuanzia kwa mashemeji wala kisimani. Pili, alitafuta maneno ambayo moyo wa Daudi ungeyaelewa. Ukweli unaosemwa kwa kelele mbele ya watoto humfanya mtu ajitetee, asijitazame. Tatu, hakuishia kwenye lawama. Daudi alipokiri, nabii huyo huyo alimwambia kwamba Mungu amemwondolea dhambi yake. Anayetaja kosa kila siku, na hataki kusikia toba, bado hajamfuata Nathani.

Kusema kweli kuna gharama. Huko Buganda, Mtakatifu Yosefu Mukasa, msimamizi wa watumishi wa Kabaka Mwanga, alimkanya mfalme kwa kumwua Askofu Hannington mwaka 1885, na aliwakinga vijana wa ikulu na tamaa zake. Tarehe 15 Novemba mwaka huo aliuawa. Kabla ya kufa alimtumia Kabaka ujumbe kwamba amemsamehe, ila atubu. Hakusema kwa chuki. Alimtakia mfalme wake wokovu.

Mwenzangu, ikiwa nyumbani kuna kipigo au vitisho, usiende peke yako. Tafuta kwanza mahali salama, kisha umwone paroko, wasimamizi wenu wa ndoa, au polisi. Ndoa takatifu haimdai mtu avumilie kupigwa.

Na anayeambiwa?

Daudi angeweza kumwua Nathani. Badala yake alikubali kwamba amemkosea Mungu, na Zaburi ya 51 inahusishwa na toba hiyo. Toba haikufuta matokeo yote: mtoto alikufa, na nyumba yake ilipata misiba mingi. Lakini soma 1 Mambo ya Nyakati 3:5. Mmoja wa wana aliozaa na Bathsheba baadaye aliitwa Nathani. Biblia haielezi kwa nini, ila jina la mtu aliyewaambia ukweli mchungu lilikuwa likiitwa kila siku nyumbani mwao. Ni jina ambalo Mtakatifu Luka analitaja pia katika ukoo wa Yesu.

Basi, baba wa Diani, mkeo akikuambia, "Mume wangu, keti, nina neno," keti. Nawe mama, uliyechukua mkopo wa chama kwa siri, mumeo akikuuliza kwa upole, usimgeuzie uso. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Nyumba ya yule mama wa Msambweni ilianza kuvunjika siku uongo ulipoingia. Neno lake la kweli huenda ndilo fundi atakayeiziba nyufa.

Maswali ya kujadiliana leo jioni

1. Ni jambo gani ninaloogopa kukuambia, na kwa nini?
2. Uliponiambia ukweli mara ya mwisho, nilikupokea kama Daudi?
3. Tukubaliane: ni saa gani, na mahali gani, tutazungumza bila watoto wala redio?

Malizeni kwa kusali Zaburi ya 51 pamoja, mkiwa mmeshikana mikono.