Dondoo muhimu: Darasani mchana, mtandaoni jioni

Mwanafunzi wa kidato, kabla hujajiandikisha kozi ya mtandaoni, linganisha mada zake na muhtasari wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Khan Academy, kwa mfano, ni bure na inafundisha hesabu vizuri sana, ila imepangwa kwa shule za Marekani. Chukua mada inayokusumbua, tuseme uwezekano, na uache zisizokuhusu.

Kutazama si kujifunza, na hapa ndipo wengi wanapopoteza muda. Mwalimu wa kwenye video akishaandika swali ubaoni, simamisha. Kokotoa mwenyewe kwenye daftari hadi mwisho, hata kama umekwama mstari wa tatu. Ndipo uendelee uone mlipoachana. Ule mstari ulipokwama uzungushie kwa kalamu nyekundu, kesho umpelekee mwalimu wako wa darasani. Atakusaidia haraka kuliko video kumi.

Bando: pakua masomo usiku kama kifurushi chako ni nafuu saa hizo, kisha soma bila intaneti.

Usikose vipindi vya maabara kwa sababu umeona jaribio kwenye simu. Kushika bomba la bureti na kudondosha asidi tone kwa tone mpaka rangi ibadilike, mkono hauwezi kukuzoea kwa kutazama.

Wazazi nao wajue: cheti cha kozi ya mtandaoni hakichukui nafasi ya mtihani wa NECTA. Siku yenye mazoezi mengi ya shule, kozi isubiri. Mtoto alale.