Uchawi Unaofuata Mahali

Iko michezo ya mezani ambayo kila mchezaji hujifanya mtu wa hadithi, na dadu ndizo zinazoamua kama tendo lake limefaulu. Msimamizi mmoja husimulia na kushika sheria.

Muhula uliopita nalijaribu kutunga sheria za mchezo huo kutokana na kitabu Sabriel cha Garth Nix wa Australia, kilichotolewa mwaka 1995. Humo Ukuta hutenga nchi mbili. Kaskazini uchawi una nguvu na mitambo hukataa kazi. Kusini mitambo hufanya kazi, na uchawi hufifia kadiri mtu aendavyo mbali na Ukuta. Lakini upepo ukivuma kutoka kaskazini, huuleta uchawi upande wa kusini.

Kwa kipimo nalifuata mchezo wa GURPS, uliotolewa mwaka 1986. Mchezaji hutupa dadu tatu. Jumla isipozidi ujuzi wake, amefaulu. Penye uchawi hafifu ujuzi hupunguzwa 5. Tufanye hesabu. Dadu tatu zaweza kuanguka kwa namna 216. Mwenye ujuzi wa 13 hufaulu katika namna 181. Akishushwa hadi 8, hufaulu katika 56 tu, yaani kama robo.

Mara ya kwanza nalikosea, kwa maana naliuficha mpaka. Mwenzetu aliyekuwa mchawi alivuka bila kujua, uchawi ukamshinda, akauawa. Aliondoka mezani kwa hasira, akisema nimemhadaa. Naye alisema kweli. Msomaji wa kitabu huambiwa upepo unapogeuka. Mimi nalimnyima mwenzangu habari hiyo.

Basi nikaandika upya:

1. Ramani yenye Ukuta iwe wazi mbele ya wote.

2. Kila alfajiri itupwe dadu moja. Ikitoka 1 au 2, upepo ni wa kaskazini, na kusini karibu na Ukuta hapapunguzwi kitu siku hiyo. Siku nyingine hupunguzwa 5. Mbali zaidi hakuna uchawi kabisa.

3. Kaskazini bunduki hazilii. Ndiyo sababu askari wa kitabuni huchukua na panga pia.

Mwenzetu alikubali kurudi. Safari hii walitaka kwenda kusini, wakaitazama ramani, wakabishana, kisha wakangoja siku mbili upepo ugeuke. Mimi sikuwashauri neno.

Wenzangu mtakaotunga sheria za namna hii, jiulizeni kwanza: mchezaji ataujuaje mpaka kabla ya kuuvuka, na nani atapata tabu upande wa pili? Sheria njema ya mahali haimwadhibu mchezaji. Humpa jambo la kuamua.