Lenzi za Kuanzia kwa Kamera ya DSLR

Ununuzi wa kamera haukomei kwenye kamera. Mlaji anayenunua kamera ya kidijitali ya aina ya DSLR, yaani ile yenye kioo ndani yake na lenzi inayobanduliwa, hujikuta mbele ya kabati lililosheheni lenzi za kila bei, na ni hapo fedha nyingi zinapopotea. Somo hili tumelikusudia kwa anayeanza, hususan kijana anayetaka kujipatia riziki kwa kupiga picha za harusi, sendofu, kipaimara na mahafali, ambaye mtaji wake haumruhusu kukosea mara mbili.

Tuanze na kifurushi. Hutangazwa kamera yenye “lenzi tatu” kwa bei ya kuvutia. Ukifungua boksi, yawezekana ukakuta lenzi ni moja tu, ile ya milimita 18 hadi 55. Vile viwili vingine ni vioo vya kuongezea, vinavyokazwa mbele ya lenzi hiyo kama kifuniko cha chupa. Kimoja hudaiwa kupanua picha na kingine kuvuta vya mbali. Havipigi picha vikiwa peke yake, na aghalabu hufifisha kingo za picha. Mwombe muuzaji akifunge kila kimoja moja kwa moja kwenye kamera. Kisichoshika, usikihesabu kuwa lenzi, na usikilipie bei ya lenzi.

Lenzi yenyewe ya 18 hadi 55 hudharauliwa na wapiga picha wazoefu. Sisi hatuidharau. Kwenye 18 huingiza familia nzima iliyoketi sebuleni. Kwenye 55 hupiga uso wa mtu vizuri, na mchana nje haina kasoro kubwa. Hakikisha tu ina uwezo wa kutuliza mtikisiko wa mkono, unaoonyeshwa kwa herufi IS kwa Canon na VR kwa Nikon. Udhaifu wake hujitokeza ukumbini usiku. Tazama maandishi f/3.5-5.6 yaliyo mbele ya lenzi: hayo hueleza ukubwa wa tundu la kupitishia mwanga, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Ukivuta hadi 55, tundu hubaki f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, isiyovuta wala kurudisha, hupitisha mwanga takriban mara kumi ya huo. Bibi harusi anayetembea chini ya taa hafifu haonekani ametiwa ukungu, na picha haiwi na chengachenga.

Kwa sababu hiyo, lenzi ya pili tunayoshauri ni hiyo ya 50 yenye f/1.8, nayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa za Canon na Nikon. Lakini kamera nyingi za kuanzia zina kihisi kidogo, hivyo 50 huona eneo jembamba, sawa na milimita 80 kwa Canon au 75 kwa Nikon. Katika chumba kidogo utarudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta. Mwenye Nikon anayefanya kazi zaidi vyumbani atanufaika na ile ya 35 yenye f/1.8.

Lenzi ya kuvuta mbali inaweza kusubiri. Ukilazimika, jihadhari na Canon ya 75 hadi 300 isiyo na IS. Kwenye 300, mkono mtupu huhitaji kasi ya takriban 1/500 ya sekunde ili picha isitikisike, na mwanga wa kanisani hautoshi kwa kasi hiyo. Ile ya 55 hadi 250 yenye IS ina manufaa zaidi.

Suala la kuoana kwa lenzi na kamera ndilo linaloumiza zaidi, kwa kuwa hugundulika nyumbani. Lenzi zenye alama RF za Canon na Z za Nikon zimetengenezwa kwa kamera zisizo na kioo; hazifungiki kwenye DSLR. EF-S za Canon haziingii kwenye kamera zake zenye kihisi kikubwa. Kwa Nikon, kamera ndogo kama D3500 hazina mota ya kulengea ndani yake: lenzi ya 50 iliyoandikwa AF-D itafunga vizuri, lakini utailenga kwa mkono siku zote. Hapo tafuta AF-S. AF-P nazo hazifanyi kazi ipasavyo kwenye kamera za zamani kama D90. Beba kamera yako dukani. Ni mzigo mwepesi kuliko hasara.

Kwa lenzi iliyotumika, unyevu wa pwani ni adui. Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, lenzi iliyofungiwa kabatini huota kuvu. Fungua vifuniko vyote viwili, mulika tochi ya simu upande mmoja, uchungulie upande wa pili: ukiona nyuzi mithili ya utando wa buibui, acha. Kuvu hula kioo, na fundi akiisafisha alama zaweza kubaki. Zungusha pete zote. Ikikwaruza, pana mchanga. Kisha piga picha ya ukuta wenye maandishi na uzikuze pembe zote nne.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, lakini malalamiko bila ushahidi huwa magumu kuyashughulikia. Dai risiti ya EFD inayotaja jina kamili la lenzi. “Vifaa vya kamera” haitoshi. Namba ya utambulisho iliyochongwa kwenye lenzi iandikwe kwenye kadi ya waranti mbele yako, na uulize matengenezo yatafanyika wapi. Kadi inayotambuliwa nje ya nchi pekee itakulazimu kuisafirisha lenzi kwa gharama yako.