Kuchuja Uvumi wa Umeme: Somo kwa Mnasaji wa Lahaja Kizingitini

1.0 Utangulizi

Kizingitini ni mji wa wavuvi ulioko kaskazini mwa kisiwa cha Pate, katika funguvisiwa la Lamu nchini Kenya. Wenyeji wake wengi ni Wabajuni, na lahaja yao ni Kitikuu. Mwanafunzi wa isimu anayekwenda huko kunasa sauti hujiandaa kwa hojaji na kwa idhini ya wazee, lakini ni nadra ajiulize kuhusu umeme unaoendesha vyombo vyake. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba umeme huo nao huingia katika data, na kwamba uvumi wake sharti uchujwe kabla haujachanganyika na sauti ya msemaji.

2.0 Chimbuko la uvumi

Maikrofoni hutoa volteji ndogo mno, pengine milivolti chache tu. Kikuza sauti huikuza volteji hiyo mara nyingi, na chochote kilichopenya pamoja nayo hukuzwa vilevile. Uvumi unaotuhusu ni wa aina mbili.

Kwanza, umeme wa nyumbani nchini Kenya hubadili mwelekeo kwa masafa ya hezi 50. Adapta inapougeuza kuwa umeme wa mwelekeo mmoja, mara nyingi hubakiza mawimbi madogo ya hezi 100. Jenereta ya dizeli huleta tatizo lilo hilo. Pili, inveta na vidhibiti chaji vingi vya sola hufanya kazi kwa kuwasha na kuzima mkondo upesi sana, hata maelfu ya mara kwa sekunde. Huko ndiko hutoka mlio mwembamba na mchakarisho.

3.0 Madhara kwa data

Sauti ya msingi ya wanaume wengi huwa karibu na hezi 100. Kwa hiyo, uvumi wa adapta hukaa pale pale anapokaa msemaji, na kipimo cha kiimbo huweza kupotoka. Mchakarisho nao hudhuru mpumuo. Katika lahaja za kaskazini, *kaa* wa baharini hutamkwa kwa mpumuo, ilhali *kaa* la moto hutamkwa bila mpumuo. Tofauti ya maneno hayo mawili ni pumzi hafifu ya muda mfupi. Pumzi hiyo ikifunikwa, mtafiti ataandika kwamba tofauti haipo, kumbe kilichoificha ni chombo chake mwenyewe.

Je, programu ya kompyuta haiwezi kuusafisha uvumi baadaye? Huweza kuupunguza, lakini ikikata masafa ya uvumi hukata pia sehemu ya sauti iliyo katika masafa hayo hayo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

4.0 Namna ya kuchuja

Chujio rahisi huundwa kwa rezista moja na kapasita moja. Rezista huwekwa katika waya chanya unaotoka kwenye chanzo kwenda kwenye kikuza sauti. Kapasita huunganishwa baada ya rezista, kati ya waya huo na waya hasi. Volteji tulivu hupita, bali mawimbi humezwa na kapasita.

Tuchukulie rezista ya omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 1000. Chujio hili huanza kupunguza mawimbi kuanzia takriban hezi 1.6, na kufikia hezi 100 huwa limeyapunguza kiasi cha mara 63. Uvumi wa milivolti 10 hubaki takriban milivolti 0.16. Hata hivyo, rezista hutoza ushuru wake: kikuza sauti kikitumia miliampea 5, volti 0.5 hupotea. Kwa sababu hiyo, chujio hili lafaa kwa saketi zinazotumia mkondo mdogo tu.

Kapasita kubwa huwa nzito kuitikia mabadiliko ya upesi. Kwa hiyo iongezwe kapasita ndogo ya kauri, ya mikrofaradi 0.1, karibu kabisa na mguu wa umeme wa kikuza sauti, ili imeze mchakarisho wa inveta.

Tahadhari mbili zizingatiwe. Kapasita kubwa ina upande chanya na upande hasi; ikigeuzwa huweza kupasuka. Aidha, kazi hii ifanywe upande wa volteji ndogo ya adapta, kamwe si kwenye umeme wa volti 240.

5.0 Hitimisho

Kabla ya kumketisha mzee mbele ya maikrofoni, mtafiti na anase kimya cha dakika moja kwa adapta, kisha dakika nyingine kwa betri. Uvumi ukitoweka kwa betri, chanzo ni adapta. Ukibaki, achunguze nyaya zake na vyombo vya umeme vilivyo jirani. Pasipo chujio, betri ndiyo kimbilio. Mzee aliyetupa muda wake anastahili kusikika kama alivyosema, na lahaja yake isihukumiwe kwa makosa ya waya.