SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: MPANGO WA DHARURA NA MSHAURI WA NJE



Katika somo hili tutazungumzia jambo ambalo siku hizi huletwa mara kwa mara mbele ya Bodi za vyama vyetu. Je, inafaa chama kimlipe mshauri mwelekezi kutoka nje ili akiandikie mpango wa kuendeleza kazi wakati wa dharura? Mpango huo ni ule unaoeleza chama kitafanya nini umeme utakapokatika, mto utakapofurika, ghala litakapoungua, au meneja atakapougua ghafla katikati ya msimu. Somo hili lisomwe kwa pamoja na wajumbe wa Bodi, watumishi na wanachama, kisha maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe.

1. TUKIO LILILONIFUNDISHA

Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja cha wakulima wa kahawa. Chama hicho kilikuwa kimemlipa mshauri wa mjini, naye alikiandikia kitabu cha mpango wa dharura chenye kurasa zaidi ya sitini na jalada la kung'aa. Katika orodha yangu ya ukaguzi palikuwa na swali: "Je, chama kina mpango wa dharura?" Nilikiona kitabu, nikapendezwa na jalada lake, nikaandika "Ndiyo". Sikukifungua.

Msimu uliofuata mvua kubwa ilinyesha jioni moja, wakati wanachama walikuwa wamekwisha kupeleka kahawa mbivu kwenye mtambo wa kumenya. Umeme ulikatika na maji yakafunika daraja. Kila mkulima wa kahawa anajua kwamba buni mbivu yapasa imenywe siku ile ile ilipochumwa. Ikilala katika lundo hupata joto, huchacha na kutoa harufu, wala hakuna kuosha wala kuanika kutakakoirudishia ubora wake.

Watumishi waliokuwapo walikumbuka kile kitabu. Kilikuwa kimefungiwa kabatini, na ufunguo alikuwa nao meneja, ng'ambo ya pili ya mto. Asubuhi kabati lilipofunguliwa, walisoma kwamba katika dharura uongozi utahamia kwenye jengo mbadala na kurejesha kompyuta zote ndani ya saa 4. Chama kilikuwa na kompyuta moja. Juu ya mtambo wa kumenya hapakuwa na hata sentensi moja. Ilionekana wazi kwamba mpango ule ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya kampuni ya mjini, ukabadilishwa jina tu.

Mchana alifika fundi wa mtambo, mzee aliyeuhudumia tangu siku ulipofungwa. Alipolitazama lundo, alisema, "Laiti mngeniuliza. Mashine za mkono ziko katika nyumba nyingi hapa kijijini. Watu waliziweka stoo mtambo huu ulipokuja. Tungegawa kahawa hii jana usiku, asubuhi ingekuwa imekwisha kumenywa." Maneno yake yalikuwa kweli, lakini saa ilikuwa imepita. Kahawa ile ilishuka daraja, na hasara ikaonekana katika malipo ya pili ya wanachama.

Tangu siku hiyo, swali langu limebadilika. Siulizi tena kama mpango upo. Naomba mtumishi wa zamu anieleze, bila kufungua kitabu, atafanya nini usiku wa leo umeme ukikatika.

2. MSHAURI ANACHOWEZA KUUZA, NA ASICHOWEZA

Tusimlaumu mshauri peke yake. Alifanya alichoagizwa, yaani kuleta kitabu. Kosa lilikuwa la Bodi iliyodhani kwamba kwa kulipa ankara imekwisha kulipa wajibu wake. Na lilikuwa langu mimi niliyeidhinisha dhana hiyo kwa neno moja.

Mshauri wa nje ana faida zake. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Yeye huona hatari ambazo sisi tumezizoea. Anaweza kumwambia mwenyekiti jambo ambalo karani hathubutu kulisema, kwa mfano kwamba funguo zote kuwa mikononi mwa mtu mmoja ni hatari. Tena ziko kazi za utaalamu ambazo wanachama hawawezi kuzifanya: kukagua nyaya za umeme, kupima uimara wa ghala, kufafanua masharti ya bima, na kuweka utaratibu wa kunakili kumbukumbu za kompyuta. Kazi hizo zinunuliwe, na zilipiwe vizuri.

Bali yako mambo mawili yasiyonunulika. La kwanza ni ujuzi wa mahali: nani ana mashine ya mkono, nani ana trekta, njia ipi hupitika mto ukifurika. Ujuzi huo umo vichwani mwa wanachama. La pili ni dhamana. Usiku wa dharura mshauri atakuwa amelala kwake mjini, na atakayeamua ni mlinzi, karani au mjumbe wa Bodi aliye karibu. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Hata kiwango cha kimataifa cha ISO 22301, kilichotolewa mwaka 2012 na kurekebishwa mwaka 2019, kinawabebesha wakuu wa taasisi yenyewe wajibu wa mpango huu, na kinataka mpango ufanyiwe mazoezi. Nasi wanaushirika tunayo kanuni yetu ya nne, ile ya uhuru na kujitegemea, katika tamko lililopitishwa huko Manchester mwaka 1995. Kwa mujibu wake, chama kinaweza kufanya mapatano na taasisi za nje, mradi mapatano hayo yasiwanyang'anye wanachama mamlaka juu ya chama chao.

3. MASWALI MATANO YA KUANZIA

Kabla ya kumwita mtu yeyote, Bodi ikae siku moja pamoja na watumishi na wanachama wachache wenye uzoefu, wajibu maswali haya kwa maandishi:

(a) Kazi ipi haiwezi kusubiri? Kahawa mbivu haingoji kesho. Maziwa yasiyopozwa hayangoji hata nusu siku. Malipo ya wanachama yanaweza kungoja siku chache. Taarifa ya mwaka inaweza kungoja zaidi. Kila kazi iandikiwe muda wake, na ile yenye muda mfupi ishughulikiwe kwanza.

(b) Kazi hiyo inategemea nini? Umeme, maji, barabara, mtambo, mtu fulani, au mtandao? Mwezi Mei 2024 nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari ziliharibika, na huduma za intaneti zikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Chama ambacho daftari lake la wanachama limo mtandaoni tu, bila nakala ya karatasi, kinangojea siku kama hiyo.

(c) Kitu hicho kikikosekana, tutatumia nini badala yake, na kiko kwa nani?

(d) Nani ataamua, na asipokuwapo ni nani atakayeshika nafasi yake? Watajwe watu wawili kwa kila kazi, na funguo ziwe mahali pawili.

(e) Nani ameruhusiwa kutumia fedha bila kungoja kikao, na kwa kiasi gani? Jambo hili lisipoamuliwa mapema, watumishi wataogopa kukodi hata lori moja huku mali inaharibika.

Majibu yakikamilika, chama kimekwisha kupata sehemu kubwa ya mpango wake. Yafupishwe katika ukurasa mmoja au miwili, yabandikwe ofisini na kwenye mtambo, na nakala zikae nyumbani kwa wahusika.

4. MASHARTI YA KUMWAJIRI MSHAURI

Ikiwa bado ipo kazi ya kitaalamu, chama kiandike hadidu za rejea zenye masharti yafuatayo. Mshauri afike chamani wakati wa msimu, aone kazi inavyofanyika, na azungumze na fundi, mlinzi na mtunza ghala, siyo meneja peke yake. Aandike kwa Kiswahili chepesi. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya jaribio kufanyika, wala si baada ya kitabu kuletwa. Afundishe watumishi wasiopungua wawili namna ya kuusahihisha mpango wakati yeye hayupo. Asichukue daftari la wanachama bila idhini ya maandishi, kwa sababu lina namba za simu na za akaunti, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakitaka chama kizilinde.

Vyama vidogo visiona uwezo wa kulipa, vinaweza kuungana kupitia Chama Kikuu na kumwajiri mshauri mmoja. Hata hivyo, yale maswali matano kila chama kiyajibu chenyewe, maana mto wa jirani si mto wako.

5. JARIBIO

Mpango usiojaribiwa ni tumaini tu. Kabla ya kila msimu, Bodi ichague siku bila kumwarifu meneja. Swichi kuu ya mtambo izimwe wakati hakuna mali ya mwanachama ndani yake, kisha mjumbe mmoja ashike saa na kuandika: ilichukua muda gani kumpata fundi? Simu ipi haikupokelewa? Ufunguo ulikuwa wapi? Kasoro zisahihishwe katika mpango wiki hiyo hiyo, na taarifa isomwe katika Mkutano Mkuu. Mshauri akialikwa siku hiyo kuwa mtazamaji, atakuwa ametumika mahali panapomfaa.

Chama nilichokitaja sasa kina karatasi mbili zilizobandikwa ukutani kwenye mtambo. Zina majina ya wanachama wenye mashine za mkono, na ziliandikwa na karani kwa maelezo ya yule mzee fundi. Nilipokwenda kukagua mara ya pili, nilizisoma zote.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika chama chenu, ni kazi ipi isiyoweza kungoja saa 12? Inategemea kitu gani?
2. Meneja akiwa safarini leo, nani ana ufunguo wa pili wa ofisi na wa ghala?
3. Tajeni wanachama watatu wenye ujuzi au vifaa ambavyo havijaandikwa popote katika kumbukumbu za chama.
4. Kama mmewahi kumlipa mshauri wa nje, aliwaachia nini ambacho watumishi wanakitumia mpaka leo?